Kuchagua vifaa vya kompyuta ya Linux ya kazi na gemu: anza na tarehe

Mpwa wangu anasomea uhuishaji. Alitaka mashine moja ya kufanyia Blender (programu ya uhuishaji wa 3D) na Kdenlive (ya kuhariri video) mchana na kuchezea gemu usiku, bila Windows kabisa. Tuliiunda pamoja sebuleni kwao Tabata, na siku mbili nzima zilimezwa na kifaa kimoja tu, kadi ya grafiki iliyotoka baada ya mfumo tulioiwekea. Naandika tulivyochagua ili atakayefuata asizipoteze siku hizo. Kufunga prosesa na kupaka greasi ya joto sitaeleza, video za kufundisha hayo ni tele.

Hatua ya 1: Andika programu na gemu zako kwa majina

Fanya hivyo kabla hujatoa hata shilingi. Gemu nyingi za Steam, duka la gemu mtandaoni, zinakwenda vizuri kwa Proton, programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, ambayo Valve wenye Steam waliitoa mwaka 2018, na Counter-Strike 2 na Dota 2 zina matoleo ya Linux kabisa. Zinazogoma ni zile zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu: Valorant, Fortnite na EA Sports FC za miaka ya karibuni. Kama kila usiku mnakutana na wenzako kwenye FC mtandaoni, baki na Windows au nunua PlayStation. Kwa kazi, AutoCAD na Photoshop hazina toleo la Linux, na mimi simshauri mtu ajenge riziki yake juu ya njia za kuzilazimisha.

Hatua ya 2: Prosesa, madabodi na RAM

Tulichukua Ryzen 7 7700 na madabodi ya B650. Ina viini vinane, imepangiwa wati 65, na feni yake imo ndani ya boksi. Kwa joto la Dar hilo si jambo dogo. Lakini sababu yangu kubwa ni kwamba ina grafiki ndogo ndani yake. Zile zinazoishia na herufi F hazina, kwa hiyo usizichukue hata muuzaji akikupunguzia. Faida yake utaiona hatua inayofuata.

RAM: vijiti viwili vya GB 16, DDR5-6000. Vijiti vinne kwenye madabodi hizi hushusha kasi, kwa hiyo ukitaka GB 64 nunua viwili vya 32. Ukiwasha mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa, mashine inajipima na RAM. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, imekufa?" Nikamwambia, "Hapana mama, subiri, usiguse swichi." Baada ya muda picha ikaja.

Hatua ya 3: Kadi ya grafiki, na hapa usiwe na haraka

Kwenye Linux napendekeza AMD. Draiva yake, amdgpu, imo ndani ya kerneli yenyewe (kiini cha Linux), na sehemu ya michoro inatoka Mesa, mkusanyiko huria wa draiva za michoro ambao karibu kila distro (toleo la Linux, kama Debian au Ubuntu) inakuja nao. Huendi tovuti yoyote kupakua kitu. Nvidia nayo inafanya kazi, ila draiva yake huwekwa kando, na ukiacha Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) imewashwa lazima iwe imetiwa saini, la sivyo haipakiwi. Mwenye kazi za CUDA (mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye kadi) achukue Nvidia bila kusita, na kwa Blender pia Nvidia huwahi kumaliza kuchora. Sisi tulipima pesa na gemu, tukachukua Radeon RX 7800 XT ya GB 16.

Sasa sikiliza vizuri. Kusema "AMD inakubali Linux" hakutoshi. Inakubali kerneli ipi? RX 7800 XT ilitoka Septemba 2023. Mimi seva zangu zote ni Debian, nikamwekea Debian 12, iliyotoka Juni 2023 na kerneli 6.1 ya Desemba 2022. Yaani distro ilifungwa kabla kadi haijafika dukani. Usakinishaji ulikwenda salama hadi mwisho, kwa sababu kisakinishi hutumia picha ya kawaida tu. Tukawasha upya: skrini nyeusi. Nikatoa RAM nikairudisha. Nikabadilisha waya wa HDMI. Nikaazima pawasaplai ya jirani. Siku ya pili asubuhi ndipo nikachomeka monita kwenye tundu la madabodi badala ya la kadi, picha ikaja kwa ile grafiki ndogo ya prosesa. Nikaandika amri ya kusoma ujumbe wa kerneli:

sudo dmesg | grep amdgpu

Mistari ikasema wazi kwamba famwea ya kadi (programu ndogo inayopakiwa ndani yake) haikupatikana, ikaishia na "failed with error -2", maana yake faili halipo. Kadi ilikuwa nzima tangu dakika ya kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta mwezi na mwaka kadi yako ilipotoka. Tafuta distro yako ilitoka lini na ina kerneli gani. Kwenye mashine inayowaka, uname -r itakuambia. Kadi ikiwa imeitangulia kerneli kwa mwaka mmoja au zaidi, lala usingizi. Kadi ikiwa mpya kuliko distro, una njia mbili: nunua kadi ya kizazi kilichotangulia, au tumia distro inayosasisha kerneli kila mara. Kumbuka ni vitu vitatu vinavyotakiwa kuwa vipya pamoja: kerneli, famwea na Mesa. Ukisasisha kerneli peke yake, skrini itawaka lakini gemu zitagoma au zitakwenda kwa kusuasua. Mfano mwingine ni RX 9070, iliyotoka Machi 2025: Ubuntu 24.04 ya mwanzo, yenye kerneli 6.8, haikuwa tayari kwa ajili yake.

Tulihamia Fedora, distro ya aina hiyo ya pili, na kadi ikawaka papo hapo. Debian naipenda na nitaendelea nayo kwenye seva, ila kwa mashine ya gemu yenye kadi ya karibuni siiweki tena. Kwenye Fedora ongeza RPM Fusion, ghala la nyongeza la programu, ndiko inakopatikana Steam na Mesa inayofungua video za H.264 kwa kadi yenyewe.

Mengine mawili. Monita ya 4K yenye kasi ya Hz 120 iunganishe kwa DisplayPort: kwa HDMI kasi hiyo inataka HDMI 2.1, na mwaka 2024 HDMI Forum, wenye kiwango cha HDMI, walikataa draiva huria ya AMD iiweke. Na ukinunua RX 580 ya mtumba, soma jina lote, ile ya "2048SP" ni dhaifu kuliko RX 580 kamili.

Hatua ya 4: Waifai

Chukua kadi ya Intel AX210. Usipewe AX211 kwa kuambiwa ni mpya zaidi: hiyo inategemea prosesa ya Intel, kwenye madabodi ya AMD haifanyi kazi.

Hatua ya 5: Umeme

Pawasaplai ya wati 750, yenye cheti cha ufanisi cha 80 Plus Gold. Kadi pekee inaweza kula wati 263, na sipendi pawasaplai ifanye kazi ikiwa imebanwa. UPS (betri ya akiba) isome kwa wati, maana VA si wati. Ile ya 650VA aliyokuwa nayo mpwa wangu haifiki wati 400. Umeme ulikatika akiwa katikati ya gemu, ikalia mara moja na kuzima kila kitu. Tukaweka ya 1500VA inayotoa mawimbi laini ya sine, akawa na dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Hatua ya 6: SSD

SSD ya aina ya NVMe, TB 1. Nenda dukani na laptopu yenye Linux na kasha la USB la NVMe, uisome hali yake hapo hapo mbele ya muuzaji kwa smartctl:

sudo smartctl -a /dev/sda

Jina la /dev lihakikishe kwanza kwa lsblk. Kama haisomi, ongeza -d sntrealtek au -d sntjmicron kulingana na chipu ya kasha. Tazama Percentage Used (asilimia ya uhai iliyotumika) na Power On Hours (masaa iliyowashwa). SSD mpya huonyesha sifuri au karibu na sifuri. Tuliyoletewa kwanza ilikuwa na masaa zaidi ya elfu nne, nailoni yake bado imefungwa vizuri. Tukairudisha, tukapewa nyingine, nayo tukaisoma vilevile kabla ya kulipa. Ukiisha kuifunga, iandae kwa ext4 au btrfs, mifumo ya faili ya Linux. Ukiweka gemu za Proton kwenye NTFS, mfumo wa faili wa Windows, zitakusumbua.