Nyota Mkongwe au Kijana: Namna ya Kuamua Kuhusu Mpokeaji wa Pasi

Kila mwezi wa Machi, soko la wachezaji huru linapofunguliwa katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, haikosi timu yenye mpokeaji wa pasi (anayekimbia mbele na kudaka mpira unaorushwa) aliyevuka miaka 31, mwenye jina kubwa na mshahara mkubwa, na nyuma yake kijana anayedai nafasi. Mjadala wa mashabiki huwa ni nani bora kati yao. Swali hilo halisaidii sana, kwa sababu mkongwe atalipwa kwa ajili ya msimu ujao, na kijana naye hatakuwa peke yake uwanjani. Linalofaa kuulizwa ni hili: mkongwe akiondoka, ni kazi gani hasa itakayokosa mwenyewe, na kuna ushahidi gani kwamba kijana anaimudu?

Anza na video kabla ya takwimu. Usiufuate mpira kwa macho. Mfuate mpokeaji tangu mpira unapoanzishwa hadi filimbi inapopulizwa. Mpokeaji anapokimbia yadi 12 au 15 kisha akakata mbio ghafla na kumgeukia kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, mwenye miguu mizima husimama kwa hatua mbili tatu fupi, na beki hupitiliza. Aliyeanza kuchoka huhitaji hatua moja zaidi, na hatua hiyo humpa beki muda wa kurudi. Tazama pia nafasi iliyopo kati yao wakati mpira unapofika. Uwanja mzima hulipuka mkongwe anaporuka na kunyakua mpira katikati ya mabeki wawili, lakini matukio ya namna hiyo yakianza kuwa sehemu kubwa ya pasi anazopokea, ni dalili kwamba hawezi tena kuwaacha wanaomkaba. Wapo warefu wenye miili mikubwa walioucheza mchezo huo tangu ujana wao, na hao wapimwe kwa rekodi zao wenyewe. Kisha rudia kazi hiyo kwa mechi za Desemba na kwa zile za Alhamisi zinazofuata mechi ya Jumapili, kwa kuwa uzee wa mwanamichezo huonekana kwanza pale anapokosa siku za kupumzika.

Takwimu zinafuata, na hazifai kusomwa bila kumtazama anayerusha mpira. Mwaka 2017 mpokeaji mkongwe Jordy Nelson wa Green Bay Packers alifunga tachidauni 6 (mabao ya kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) katika mechi 5 za mwanzo, kisha kwotabeki Aaron Rodgers akavunjika mfupa wa mtulinga, na Nelson hakufunga tena msimu ule. Alimaliza msimu na yadi 482 tu alizoiletea timu kwa pasi alizodaka, na Machi 2018 timu ikamwacha. Aliyesoma jumla ya msimu peke yake angesema mchezaji aliisha ghafla, jambo lisilo kweli. Hata hivyo Packers walikuwa na mpokeaji kijana, Davante Adams, ambaye mwaka huo wa 2018 alipokea pasi 111 kwa yadi 1,386. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulisimama juu ya uwezo wa Adams kuliko juu ya udhaifu wa Nelson, na ndivyo inavyopasa kuwa.

Sasa mpime kijana, na hapa ndipo wengi hukosea. Kijana anayecheza pembeni ya nyota hukabwa na beki wa pili kwa ubora, kwa hiyo yadi zake zinaweza kukudanganya. Ushahidi bora kabisa ni mechi ambazo mkongwe hakuwepo. San Francisco 49ers waliupata mapema: mwaka 1997 mpokeaji wao mkongwe Jerry Rice aliumia goti katika mechi ya kwanza na kukosa karibu msimu wote, na Terrell Owens, aliyekuwa katika mwaka wake wa pili tu, akapokea pasi 60 kwa yadi 936 huku mabeki wakiwa hawana tena Rice wa kuwahangaisha. Hawakukurupuka baada ya hapo. Waliwaweka wawili hao pamoja hadi msimu wa 2000, na Desemba 17 mwaka huo, siku ambayo Rice alicheza mechi yake ya mwisho ya nyumbani akiwa na jezi ya 49ers, Owens alipokea pasi 20 dhidi ya Chicago Bears na kuvunja rekodi ya pasi 18 iliyokuwa imedumu tangu 1950.

Rice aliondoka mwaka 2001 akiwa na miaka 38, akaenda Oakland Raiders, na akavuka yadi 1,000 katika misimu miwili iliyofuata. Wapo wanaoutumia ukweli huo kuwalaumu 49ers. Siwaungi mkono, kwa sababu Owens alifunga tachidauni 16 mwaka 2001, na timu iliyobanwa na ukomo wa mishahara (kiasi cha juu ambacho ligi huruhusu kila timu kulipa wachezaji wake kwa mwaka) isingeweza kuwalipa wote wawili. Nyota anaweza kung'ara kwingine na uamuzi wa kumwacha ukabaki sahihi.

Kinyume chake ni Carolina Panthers wa 2014. Walimwacha mpokeaji wao mkongwe Steve Smith Machi mwaka huo, naye akaenda Baltimore Ravens, na katika kipindi hichohicho wakawapoteza Brandon LaFell, Ted Ginn na Domenik Hixon, yaani wapokeaji wao wanne wakuu kwa mkupuo. Kelvin Benjamin, waliyemchukua wa 28 katika drafti (uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya), alijitahidi sana na kupata yadi 1,008, lakini ulikuwa mzigo mkubwa kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Septemba 28 Smith, akiwa na miaka 35, aliwapiga timu yake ya zamani kwa yadi 139 na tachidauni 2, na Ravens wakashinda 38 kwa 10. Kwa hiyo kabla ya kumtoa mkongwe, hesabu wapokeaji watakaobaki. Wakiwa wachache, mbakize walau msimu mmoja zaidi.

Upande wa fedha, angalia kwanza bonasi ya kusaini, ambayo hugawanywa katika miaka ya mkataba, na sehemu yake ambayo bado haijahesabiwa katika ukomo wa mishahara, kwa kuwa hiyo itakudai hata mchezaji akishaondoka. Akiachwa baada ya Juni 1, deni la miaka ya mbele huhamia hesabu za mwaka unaofuata. Kijana aliyetoka katika drafti hufungwa na mkataba wa bei nafuu wa miaka 4, na wa raundi ya kwanza timu inaweza kumwongezea wa tano. Ukimweka benchi hadi mwaka wa nne, unafuu huo umeupoteza bure.

Kabla ya kufunga faili, jaribu njia ya tatu. Larry Fitzgerald wa Arizona Cardinals alipopungua kasi alihamishiwa nafasi ya ndani, karibu na mstari wa wazuiaji, mahali ambapo akili, mikono na uhodari wa kuzuia huhitajika kuliko mbio. Mwaka 2015, akiwa na miaka 32, alipokea pasi 109. Njia hii inahitaji mkongwe anayekubali kumwachia kijana upande wa nje na kupunguziwa mshahara, hivyo zungumza naye ana kwa ana mwezi wa Februari, ukiwa na video mkononi. Akikataa, mwache mapema Machi, wakati timu nyingine bado zina fedha na nafasi za kumpa.