Kabla Hujaenda Kuanza Kazi Jijini: Mambo ya Kuzingatia kwa Binti Anayejitegemea

Nawaandikia mabinti mnaokwenda kuanza maisha jiji kubwa peke yenu, kwa mshahara wenu wenyewe. Someni kabla ya kufunga begi.

Vyeti: toa nakala, piga na picha. Vyeti halisi usimwachie mtu, hata mwajiri. Aone, atoe nakala, akurudishie hapo hapo.

Anayetaka hela ndipo akupe kazi, achana naye, hata akiiita ada ya fomu au ya sare. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala wa ajira kuwatoza wafanyakazi ada, isipokuwa kwa ruhusa maalumu.

Mkataba wa kazi usome wote kabla ya kusaini: mshahara baada ya makato, muda wa majaribio, notisi.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Uliza mshahara wa kwanza utaingia tarehe ngapi. Wengi huuliza kiasi tu, wakasahau tarehe. Kuna waajiri wanaofunga orodha ya mishahara katikati ya mwezi. Ukiripoti baada ya hapo, jina lako halimo, na utasubiri hadi mwisho wa mwezi unaofuata.

Mwenzangu mmoja tuliyekaa naye nyumba moja aliripoti tarehe 18. Mwezi ukaisha, wenzake wakalipwa, yeye akaambiwa avumilie. Hela yote ilishaishia kwenye kodi ya nyumba, hata nauli ya wiki mbili haikutosha. Kuomba nyumbani aliona aibu, maana kwao walishatangaziwa kwamba amepata kazi. Akakopa kwenye programu ya simu.

Mikopo ile hesabu yake ni hii: unaomba 10,000, unapokea 8,500, na baada ya siku 14 unarudisha 10,000. Wanakwambia ada ni asilimia 15. Lakini wewe umeshika 8,500, kwa hiyo umelipa karibu asilimia 18 kwa wiki mbili tu. Ukizungusha hivyo mwaka mzima inapita asilimia 400. Siku ya kulipa ikafika mshahara bado. Akakopa kwingine alipe kule, kisha kwa tatu alipe kwa pili.

Wakati wa kuipakua programu alikuwa ameiruhusu isome majina yote ya simu yake. Jioni moja tuko jikoni, msimamizi wake akampigia: "Kuna watu wananiambia unadaiwa. Namba yangu wameipata wapi?" Hakujibu kitu. Aliizima simu, akaenda kuifukia chini ya mto, akarudi kukoroga chungu ambacho kilishaungua. Mshahara wa kwanza ulipoingia, wote ulimezwa na madeni. Hakufukuzwa, aliacha kazi mwenyewe kwa aibu, muda wa majaribio haujaisha.

Kwa hiyo usiondoke kwenu kabla ya kupiga hesabu ya kodi, nauli, chakula na bando hadi mshahara wa PILI, kwa sababu wa kwanza unakuja kuziba mashimo. Kama hela haifiki, omba kazini adivansi, au sogeza tarehe ya kuanza ikiwezekana. Nyumbani waambie ukweli: kazi nimepata, kulipwa bado. Maneno hayo ni magumu kuyatamka, najua, lakini ni nafuu kuliko mkopo ule. Na ukilazimika kukopa, linganisha unachopokea na unachorudisha. Programu isiyokubali bila kusoma majina ya watu wako, ifute.

Nyumba usilipie kwa picha. Iangalie kwa macho, umjue mwenye nyumba ni nani, udai risiti. Mkipanga wawili, majina yote mawili yawe kwenye mkataba, la sivyo mwenzako akihama usiku, kodi ni yako. Udhamini wa mkopo wa mtu mliyezoeana juzi, kataa.

Usaili unafanyika ofisini, mchana. Ukipangiwa sehemu nyingine, uliza kwa nini, na mtu wako ajue uko wapi. Michango ya hifadhi ya jamii ikikatwa, kagua kama kweli imepelekwa. Namba ya siri usimpe mtu, hata mpenzi. Usiku usitembee na hela yote mfuko mmoja. Na namba za ndugu wawili ziandike kwenye karatasi, maana simu huibiwa.