Kufuta Upanga na Kuurudisha Alani: Istilahi za Iaido

Iaido ni sanaa ya Kijapani ya kufuta upanga, kukata na kuurudisha alani kwa mfululizo mmoja, na chimbuko lake huhusishwa na Hayashizaki Jinsuke, aliyeishi karne ya 16. Mwanafunzi asikariri istilahi zake kama majina matupu, kwani nyingi zinauelekeza mkono la kufanya.

Anza na upanga wa mazoezi usio na makali, uuchomeke kwenye mshipi upande wa kushoto, upande wa makali ukitazama juu. Piga magoti, ukalie visigino, kisha ushike mdomo wa ala kwa mkono wa kushoto. Mdomo huo huitwa koiguchi, yaani kinywa cha koi, kwa kuwa una umbo la yai kama kinywa cha samaki huyo anapoachama. Kwa kidole gumba, sukuma kidogo tsuba, kile kikinga mkono, mpaka upanga ulegee alani.

Mkato unaotoka pamoja na kufuta huitwa nukitsuke. Mkono wa kulia uanze taratibu, kasi iongezeke, na ala ilazwe ubavu kabla ncha haijatoka. Hapa ndipo wengi hukosea, maana huutegemea mkono wa kulia peke yake, ilhali neno sayabiki, "kuvuta ala", linautaka mkono wa kushoto uirudishe ala nyuma. Makali yasikandamizwe ndani ya ala hata kidogo: upanga ulionolewa huweza kuipasua mbao na kuvikata vidole vilivyoishika.

Baada ya nukitsuke huja kirioroshi, mkato wa mikono miwili kutoka juu kwenda chini, kisha chiburi, maana yake kukung'uta damu.

Noto, yaani kuutia upanga alani, ndiyo inayodai subira zaidi. Funika koiguchi kwa mkono wa kushoto, laza mgongo wa upanga kati ya kidole gumba na cha shahada, uuteleze mbele hadi ncha idondokee mdomoni, kisha uuingize polepole. Muda wote huo zanshin, "moyo unaobaki", hukutaka umwangalie mpinzani wa kufikirika aliyeanguka mpaka tsuba iguse koiguchi. Ncha isipoupata mdomo, punguza mwendo, wala usiinamishe kichwa kuitafuta.