Chagua koridorasi kwa joto la nyumba yako

Koridorasi ni kambale wadogo wa Amerika Kusini, wengi wao wa sentimita 5 hadi 7, wanaozunguka chini ya tangi wakichokoa mchanga siku nzima. Wauzaji wa samaki wa mapambo husema ni wagumu, hawafi ovyo. Ni kweli, ila kila aina ina joto lake, na aina inayostawi Nairobi inaweza kudhoofika Dar es Salaam hata kama maji ni safi. Kwa hiyo anza na kipimajoto, duka baadaye.

Hatua ya 1: Pima maji, usipime hewa

Jaza ndoo, iweke pale tangi litakapokaa, kisha pima alfajiri na saa tisa alasiri kwa siku kadhaa. Andika kiwango cha chini na cha juu. Pwani, msimu wa kaskazi, maji ya ndani hufika nyuzi 28 hadi 30 bila hita yoyote. Nyanda za juu kama Arusha, Mbeya au Limuru, mwezi wa Julai, yanaweza kushuka chini ya 18. Ongeza kidogo kwenye kipimo chako, kwa sababu taa na pampu nazo hupasha maji.

Hatua ya 2: Oanisha aina na kipimo

*Corydoras paleatus*, mwenye mabaka meusi na ya kijivu, hutoka Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazili, ambako kuna majira ya baridi hasa. Mwanasayansi Charles Darwin alimkusanya kwenye safari ya meli ya Beagle, na mtaalamu mwenzake, Leonard Jenyns, akamwandika kisayansi mwaka 1842. Anapenda nyuzi 18 hadi 23. Kwa nyumba ya nyanda za juu isiyo na hita, sijaona mwingine wa kumshinda. Ukiwa Mombasa au Tanga, mwache hata akiuzwa bei ya kutupa.

*Corydoras aeneus*, wa rangi ya shaba, anakaa vizuri kati ya 22 na 26. Wale weupe wenye macho mekundu mara nyingi ni aina hii hii. Amezalishwa na wafugaji kwa vizazi vingi, hivyo anazoea maji ya bomba upesi. Anayeanza aanze naye.

*Corydoras sterbai* ana vidoa vyeupe kichwani na miiba ya chungwa kwenye mapezi ya kifuani. Kwao ni bonde la mto Guaporé, Brazili na Bolivia, na nyuzi 24 hadi 28 ndizo zake. Bei yake iko juu, lakini kwa mtu wa pwani hiyo ni pesa iliyotumika vizuri. Hata yeye usimwache kwenye 30: elekeza feni ndogo juu ya maji, kisha ujazie yanayopungua kwa mvuke.

Koridorasi wadogo wenye mabaka meusi kama ya mnyama panda wanavutia sana. Wasiwe wa kwanza kwako.

Ukitafuta mtandaoni utakutana pia na majina *Hoplisoma* na *Osteogaster* badala ya *Corydoras*. Ni samaki hawa hawa, waliopangwa upya na wataalamu mwaka 2024.

Hatua ya 3: Tangi liwe tayari kabla ya samaki

Urefu wa sentimita 60 unatosha kwa kundi la sita, na usinunue pungufu ya hapo, maana akiwa peke yake hujificha na kukosa kula vizuri. Weka mchanga laini wa mto uliooshwa hadi maji yatoke meupe. Wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe, na kokoto zenye ncha huwajeruhi sharubu. Washa chujio wiki nne hadi sita, mpaka amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa tangi, zisome sifuri ukizipima. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima yenye chumvi hayawafai.

Hatua ya 4: Dukani, usiwe na haraka

Watanzania husema familia ya kambale kila mmoja ana sharubu, baba, mama na watoto. Huo ndio ukaguzi wako wa kwanza: kila samaki awe nazo, ndefu na nzima. Zikiwa zimelika, sakafu ya tangi lile ni chafu, na samaki wengine humo wameishi kwenye maji yale yale. Kisha tazama tumbo kwa ubavu. Liwe la mviringo kidogo. Lililobonyea ni njaa ya muda mrefu au minyoo. Lenye wekundu ni maambukizi, usiguse.

Akichomoka kwenda juu kumeza hewa mara moja moja, usishtuke. Koridorasi hufyonza hewa kupitia utumbo. Wakifanya hivyo wote, kila dakika, maji yamechoka. Omba muuzaji awalishe ukiangalia, na uulize wamefika lini. Kama ni jana, lipia nusu urudi baada ya wiki. Muuzaji mwema atakubali.

Hatua ya 5: Kuwabeba

Wavuliwe kwa kikombe. Miiba ya mapezi hunasa kwenye wavu, na humchoma mtu vibaya. Usijaze wengi kwenye mfuko mmoja, kwani wakiogopa sana hutoa sumu inayoweza kuwaua humo humo. Nyumbani, ongeza maji ya tangi mfukoni kidogo kidogo kwa nusu saa, kisha hamisha samaki, maji ya mfuko mwaga.

Hatua ya 6: Walishe

Kuna maneno kwamba hawa hula kinyesi na mabaki, kwa hiyo hawahitaji chakula. Koridorasi wengi hufa njaa kwa sababu ya maneno hayo. Wape vidonge vinavyozama, jioni taa zikishazimwa, samaki wa juu wasije wakavimaliza. Mara mbili kwa wiki wape minyoo ya kugandishwa. Asubuhi kisibaki kitu juu ya mchanga, kikibaki, punguza.