Samaki moto na mfuko wa plastiki

Ukienda Dunga au Kibuye, hapa Kisumu, kununua samaki wa kukaangwa, beba bakuli la chuma, hata sufuria ndogo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, lakini ile myepesi bado inazunguka, na mbuta (sangara) anatumbukizwa humo akitoka mafutani. Joto na mafuta ndivyo vinavyovuta kemikali za plastiki, zikiwemo zile zinazovuruga homoni. Umesahau bakuli? Mwambie mama wa samaki amwache apoe kwanza.

Ngege (tilapia) mtoe matumbo yote. Chembe za plastiki kutoka ziwani hukaa zaidi humo kuliko kwenye mnofu. Omena (dagaa) ndiyo kazi, maana tunaila nzima. Mimi huichambua nikiwa na muda. (Nisipokuwa nao, naila tu.)