Jisemeshe kwa jina lako

Korosho zako zikishushwa daraja ghalani Tandahimba, sikiliza unachojiambia njiani kurudi nyumbani. Mara nyingi ni "mimi sina akili, kila msimu hivihivi." Usijilazimishe kuligeuza neno hilo papo hapo liwe "mimi ni bora", moyo haudanganyiki kirahisi hivyo. Jiite kwa jina lako. Kama unaitwa Somoe, jiambie: "Somoe, korosho ziliingia na unyevu. Msimu ujao utazianika siku ngapi, na nani atakuwa anazigeuza?"

Mwaka 2014, Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa waliojisemesha kwa jina lao au kwa "wewe", badala ya "mimi", walipata wahka mdogo zaidi walipotakiwa kuhutubia watu, na baadaye hawakuendelea sana kulitafuna jambo kichwani.

Si lazima useme kwa sauti (majirani wataanza kukutazama vingine). Na ukisikia "kila msimu", muulize Somoe: kila msimu kweli, au huu wa mvua za mapema tu?

Sauti hiyo ya ndani ya kujilaumu ikikunyima usingizi wiki nzima, au ikikwambia ujidhuru, usingoje: nenda kituo cha afya ukaongee na mhudumu.