Mashine ya kupumulia usiku: izoee mchana kwanza

Mashine hii hupuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe usingizini. Usisubiri saa ya kulala ndipo uivae barakoa yake. Mimi niliianzia sebuleni wakati wa taarifa ya habari, wajukuu wakicheka eti babu kawa rubani. Waache wacheke.

Barakoa irekebishe ukiwa umelala na mashine inapuliza, maana ukilala uso hulegea. Mikanda usiikaze mno: mpira wa barakoa unaogusa uso hukunjika, hewa ikatorokea machoni. Washa ule mpangilio wa kuanza polepole. Mashine nyingi huanzia shinikizo la sentimita 4 za maji (ndicho kipimo cha msukumo wa hewa), kisha hupanda zenyewe hadi kiwango alichopanga daktari. Hicho usikiguse.

Sisi wa Tanga tuna chandarua. Pitisha bomba upande wa kichwani, pindo ulichomeke chini ya godoro bila kulibana bomba. Feni isilipulize: hewa yenye unyevu ikipoa humo, matone yatakufikia puani. Mashine ikae chini kuliko kitanda. Kwenye tangi la mashine linaloipa hewa unyevu, tia maji yaliyokenekwa tu (yaani mvuke uliopozwa ukawa maji), kamwe si ya betri, hata muuzaji akiapa ni yaleyale.

Umeme ukikatika, vua barakoa. Asubuhi osha mpira wake kwa sabuni isiyo kali. Mafuta ya uso ndiyo huufanya uteleze.